Nguchiro Wawili na Ukoo Wao Mzima

Zamani zile, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kupika chunguni, palikuwa na mto mpana. Upande mmoja wa mto ulikuwa na mashamba na maghala. Upande wa pili ulikuwa mkavu, na huko ndiko ukoo wa nguchiro ulikoishi.

Nguchiro mnamjua? Ni yule mnyama mdogo, mwembamba, anayemkamata nyoka kabla nyoka hajageuza shingo. Basi mwaka huo mvua haikunyesha. Panzi wakaadimika, na mayai yakawa kitu cha kuhadithiwa.

Siku moja akaja Kunguru. Huyu alikuwa wakala wa kazi. Mabawa anayo, mto haumsumbui, na shughuli yake ilikuwa kuwatafutia matajiri wa ng'ambo vibarua.

"Bwana Nyati ana ghala la karanga," akasema, "na ghala limejaa nyoka. Anataka nguchiro wawili. Kazi ni ya misimu miwili tu, kisha mnarudi kwenu. Mtakula mayai asubuhi na jioni."

"Mayai mazima?" akauliza binti mmoja aliyeitwa Kidawa.

"Mazima, na yamechemshwa."

Ukoo ukakaa kikao. Wengine walitaka aende kaka yake mkubwa Kidawa, kwa kuwa ana nguvu. Mama yake Kidawa akakataa. "Nguvu huko wanazo wenyewe," akasema. "Aende Kidawa, kichwa chake chepesi. Na aende na Mize, binti wa mjomba wake, wasaidiane upweke."

Mtoni walimkuta Kiboko, mvushaji. Aliwapandisha mgongoni, naye akampa kila mmoja ganda la konokono lenye tundu.

"Mkitaka kurudi, nionyesheni haya," akawaambia. "Asiye na ganda simvushi, hata alie mpaka maji yajae. Ndiyo sheria ya hapa."

Bwana Nyati aliwapokea vizuri sana. Mwili wake uliziba mlango mzima.

"Karibuni, wanangu. Nipeni hayo maganda niwatunzie, huku wezi ni wengi."

Akayatunga kwenye uzi, akayafunga kwenye pembe lake la kulia. Tangu siku hiyo, kila alipotikisa kichwa yalilia kocho, kocho. Na kila yalipolia, Kidawa aligeuka akatazama upande wa mto.

Mayai waliyaona, ila aliyekuwa akiyala ni Bi Nyati. Wao walipewa ukoko wa chini ya chungu. Walikamata nyoka ghalani mchana kutwa, na nyoka walipokwisha walitumwa kufagia, kuteka maji, kumkuna Bwana Nyati mgongo. Majina yao hakujisumbua kuyajua, ingawa Kidawa alikuwa na baka jeupe shavuni na Mize alikuwa mfupi kama kinu.

"Nyote sura moja," alisema. "Nitaita Nguchiro, atakayesikia aje."

Misimu miwili ikapita. Siku moja Kidawa alikwenda kuteka maji, akamkuta Kiboko anaota jua.

"Mama yako anashinda ukingoni," Kiboko akamwambia. "Macho yake yamefifia siku hizi. Kila kinachotikisika majini anakiita kwa jina lako. Juzi aliniita mimi Kidawa, na mimi nikaitika, ningefanyaje?"

Kidawa akaangalia ule mwili mkubwa wa Kiboko, akataka kucheka, akashindwa. Akabeba mtungi wake, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Nyati.

"Bwana, misimu yetu imekwisha. Tunaomba maganda yetu, twende nyumbani."

"Misimu ipi?" akasema Nyati akitafuna. "Hayo aliyasema Kunguru, mimi sikuyasema. Mkiondoka nani atakamata nyoka? Rudi ghalani."

Kocho, kocho. Maneno yakaishia hapo.

Mize akajificha nyuma ya magunia, akalia. Kidawa akamfuata huko.

"Mize, asubuhi Bwana alikutuma nini?"

"Alinituma kuni mara mbili. Nilipoleta za pili akanigombeza, akasema kuni zimeshaletwa na yule mwingine. Yule mwingine ni mimi."

Kidawa akamfuta machozi kwa mkia. "Basi panguza uso, binamu. Kesho wewe utakuwa mjomba."

Asubuhi yake Kidawa akamwendea Nyati kwa adabu zote.

"Bwana, nimefikiri nimekubali. Huku kuzuri. Mimi nahamia moja kwa moja."

"Sasa umesema neno la akili," akajibu Nyati.

"Ila utawavumilia jamaa zangu. Kwetu mmoja akishatulia mahali, wengine humfuata."

"Watakufuataje? Hawana maganda."

"Maganda ni ya wanaopita juu ya maji, Bwana. Sisi tunachimba."

Kabla Nyati hajamaliza kufikiria maneno hayo, hodi ikapigwa getini. Palisimama nguchiro mfupi, anachechemea, kajifunga jani la mgomba kichwani.

"Shikamoo, Bwana mkubwa. Mimi ni mjomba wake Kidawa. Nimesikia mna karanga."

Akaingia ghalani akichechemea. Ndani akavua jani, akapita kwenye tundu la nyuma, akazunguka ua. Hodi.

"Mimi ni shangazi yake," akasema kwa sauti nyembamba, kajitanda khanga ya Bi Nyati iliyoanikwa ukutani. "Mume wangu anakuja nyuma, amebeba watoto."

Akaja mume. Wakaja watoto, mmoja mmoja, kila mmoja kapakwa tope mahali pake. Akaja bibi mzaa mama, hasikii vizuri, akaomba uji mara tatu. Kidawa alikuwa akiwapokea kwa kuwakumbatia, na Mize alipochoka kuingia, Kidawa naye akatoka, akarudi kama shemeji.

Mchana, Nyati na mkewe walipojilaza, juu ya dari ya ghala palisikika parakacha, parakacha, huku na huku. Ni miguu minane tu, lakini miguu minane yenye haraka huweza kuwa harusi.

Bi Nyati akainuka. "Mume wangu, hawa ni wangapi?"

"Nilihesabu mpaka nikachanganyikiwa. Wanafanana."

"Waite wote uani niwaone kwa pamoja."

Mize, aliyekuwa anachungulia, akarudi nyuma ya magunia. Kidawa akatokea mlangoni, mikono nyuma.

"Nitawaita, Mama, wala si taabu," akasema. "Ila nikuambie mila zetu usije ukashtuka. Mwenye nyumba akiukusanya ukoo uani, ndiyo kaukaribisha rasmi. Kila mmoja atachagua pembe yake ya kulala. Bibi ameshapapenda jikoni."

"Basi, basi, usiwaite," akasema Bi Nyati.

"Nao wanaomba ruhusa. Shangazi anataka kumwoza binti yake hapa, mwezi ukiandama. Upande wa bwana harusi nao ni nguchiro. Ukoo mkubwa kuliko wetu."

Bi Nyati akamgeukia mumewe. Alisema kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele. "Wataondoka hawa, au nitaondoka mimi."

Nyati akakuna ardhi kwa kwato. Akamwita Kidawa pembeni.

"Mwanangu, hivi huwakumbuki wa kwenu?"

"Nawakumbuka wa nini, Bwana, na wote wako hapa?"

"Lakini ukirudi, nao watarudi?"

"Wao wanafuata nilipo mimi na Mize. Tukikaa wanakaa, tukienda wanakwenda. Lakini sisi tutaondokaje, na umekwisha kututunzia maganda? Usijisumbue, Bwana. Tumeridhika."

"Hainisumbui," akasema Nyati, na haraka yake ilikuwa kubwa hata akaukata uzi kwa kuusugua ukutani. Maganda yakaanguka mchangani. Kidawa hakuyaokota upesi. Aliyatazama kama mtu anayelazimishwa dawa chungu.

"Aibu kurudi mikono mitupu," akanong'ona. "Jamaa wakiona hatuna kitu, watasema bora tubaki."

Nyati akaleta vikapu viwili vya karanga, akaongeza kimoja cha mayai. Bi Nyati akatoa khanga yake kwa hiari, akawafungulia geti yeye mwenyewe.

Mpaka mtoni Nyati akawasindikiza, akibeba vikapu, kwa kuogopa wasije wakabadili nia njiani. Kiboko akayatazama maganda, akawapandisha. Chubwi, akaingia majini.

Walipofika katikati ya mto, Nyati, aliyebaki ukingoni, akaangalia nyuma. Njia ilikuwa tupu. Akaangalia ghala lake kwa mbali. Kimya.

"Kidawa," akaita, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina hilo, "wale wengine wako wapi? Mjomba yuko wapi?"

Mize akasimama mgongoni pa Kiboko, akachechemea hatua mbili.

"Na shangazi?"

Mize akajitanda khanga, akamwinamia kwa heshima.

Nyati akaketi mchangani kwa kishindo. Kiboko alicheka mpaka maji yakapanda, na vikapu vikanusurika kuzama.

Ng'ambo, kikongwe mmoja aliyekuwa ameketi ukingoni aliinua uso. "Kidawa?" akaita, kama alivyokuwa akiita kila siku.

"Ni mimi, Mama," Kidawa akajibu. "Shika yai hili. Ni zima."

Mama yake akalipapasa yai kote, kisha akaliweka kando, akampapasa Kidawa shavuni, akabaki hapo.

Karanga zilipandwa, nusu zikaota. Msimu uliofuata Kunguru alirudi, na wako nguchiro waliokwenda naye tena, maana njaa haikwisha. Ila walipofika kwa matajiri wao na kuombwa maganda yatunzwe, walishukuru kwa adabu, wakasema wameyazoea shingoni.

Ndiyo maana, wanangu, nawaambia: kazi ifuateni popote ilipo, lakini kibali cha kurudi kwenu msimpe mtu awashikie.