Kofia ya Nyamizi

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia afinywe na jirani yake, maana mwisho wa hadithi hii kazi ni yenu.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Dkt. Lwitiko, mhadhiri mlezi katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, alikuwa na jicho: alijua umekata tamaa kabla hujajua mwenyewe. Tumsifu, mwanafunzi, alikuwa na ulimi. Jambo gumu likipita kinywani mwake lilitoka laini kama uji wa mtoto. Na Bi. Kokusima, aliyehitimu chuo hichohicho zamani na sasa ana kliniki ya mifugo, alikuwa na mikono iliyotulia.

Wote watatu walikutana kwa binti mmoja, Nyamizi, aliyesomea udaktari wa mifugo.

Mwaka wa pili Nyamizi alifeli anatomia. Akafungasha, akarudi kwao Nzega bila kuaga, akawa anauza vitenge na mama yake. Darasani wengi walikiona kiti kitupu, ila Dkt. Lwitiko alipanda basi. Alifika sokoni ana vumbi hadi kwenye nyusi, akabishana kwanza bei ya kitenge, ndipo akasema, "Nyamizi, nimekuombea chuoni, wamekubali. Nafasi yako ipo. Twende." Nyamizi alilia mbele ya wateja, na kesho yake akarudi.

Lakini kurudi si kufaulu, na anatomia ilikuwa palepale ikimsubiri. Tumsifu, msichana aliyeishi naye chumba kimoja bwenini, akawa anampeleka buchani kila Jumamosi. Walisimama kando ya mbuzi aliyetundikwa, Tumsifu akimwonyesha msuli huu na mshipa ule hadi wateja nao wakaanza kuuliza maswali. Nyamizi akafaulu. Tumsifu, aliyeyaacha ya kwake kwa ajili hiyo, akafeli somo moja, na mpaka leo analirudia. Hajawahi kulalamika, na Nyamizi anaumia zaidi kwa sababu hiyo.

Yakabaki mazoezi ya vitendo, ambayo bila hayo hakuna shahada. Kila alikoomba aliambiwa nafasi zimejaa. Bi. Kokusima peke yake alimpokea, kwa kuwa tu alisikia jina la chuo chake cha zamani. Siku ya kwanza ng'ombe alishindwa kuzaa, na Nyamizi akatetemeka hadi akaangusha kamba ya kumvutia ndama. Yule mama akaweka mikono yake juu ya mikono ya binti. "Usivute kwa hofu, mwanangu. Msubiri asukume, ndipo uvute." Ndama akatoka mzima, na Nyamizi hakutetemeka tena.

Mahafali yakafika. Desturi ya chuo hicho ni kwamba mhitimu huvua kofia yake na kumvisha aliyemfikisha pale, kisha hupanda naye jukwaani kupigiwa makofi. Ni mtu mmoja tu. Waliwahi kuruhusu wengi, shughuli ikaisha wageni wameshakwenda zao.

Nyamizi alimwendea mama yake kwanza, mama akacheka. "Mimi nilishakuzaa, inatosha. Mvishe aliyekufikisha hapa."

Wale watatu walikuwa wamekaa safu moja. Dkt. Lwitiko anastaafu, mahafali yajayo hatakuwepo. Tumsifu amekuja na gauni la kuazima kushangilia sherehe ambayo ingekuwa yake pia. Na Bi. Kokusima, siku alipohitimu yeye, hakuna ndugu aliyekuja, akabaki na kofia kichwani mwake mpaka kituo cha basi.

Nyamizi anawapenda wote, na hilo ndilo linalomtesa. Jina lake limeshatajwa. Kofia iko mkononi, na wale watatu, kwa kumhurumia, kila mmoja anajifanya kutazama kwingine.

Haya, ninyi mliokuwa mkitikisa vichwa tangu mwanzo, kofia ndiyo hiyo. Je, wewe ungemvisha nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazamaje usoni?