Utepe wa Alhamisi

Hapo zamani, na msidhani zamani sana maana rangi ya kituo chenyewe bado inanuka, aliishi Siwatu, fundi cherehani anayetembelea kiti cha magurudumu. Chuo cha ufundi kilimwita kwenye usaili wa ualimu, Jumanne saa tatu kamili. Miaka sita alikuwa akiomba nafasi ile!

Jumanne asubuhi na mapema akafika kituo kipya cha mabasi. Kando ya ngazi palikuwa na mteremko wa zege, umejengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Umezibwa kwa utepe mwekundu.

"Hapapitiki, mwanangu," akasema mlinzi, Mzee Kingazi. "Mgeni rasmi anakuja Alhamisi kuukata."

"Kwa hiyo na mimi nimsubiri mgeni rasmi?"

"Mimi mlinzi tu, mwanangu."

Akatokea Mkwizu, abiria mwenye mabega mapana na huruma nyingi. Hakuuliza. Akamnyanyua Siwatu kama gunia la mkaa, "Pole sana, dada, tunafika!", akapanda naye ngazi mbilimbili, abiria wengine wakitazama tu, mpaka ndani ya basi.

"Kiti changu! Kiti kimebaki chini!" Siwatu akapiga kelele.

Dereva, Ndembo, alimsikia. Akamtazama kwenye kioo, akafunga milango, akaondoa gari.

Jamani! Mtu kafikishwa mjini, miguu yake imeachwa kituoni! Siwatu alikaa sakafuni kituo cha mwisho, analia kwa hasira, mpaka kiti kilipoletwa saa sita. Kazi akapewa mwingine.

Alhamisi, matarumbeta na maturubai. Waandaaji wa sherehe wakamwita Siwatu aupande mteremko mbele ya kamera. Akagoma. Akachukua kipaza sauti, akawaita wale watatu.

"Nilipewa utepe niulinde," akasema Mzee Kingazi. "Ningeugusa, ningefukuzwa."

"Ni mimi peke yangu niliyemsaidia!" Mkwizu akang'aka. "Leo wema umekuwa kosa?"

"Nikichelewa naandikiwa barua," akasema Ndembo. "Wanangu watakula nini?"

Mgeni rasmi, mkasi mkononi, akakohoa. "Mimi sikuambiwa kuna mtu anasubiri."

Siwatu akawatazama mmoja mmoja. "Kila mtu ana sababu yake. Mimi sina kazi."

Haya, nijibuni, msitazame chini. Na nyie mliokuwa kwenye ngazi Jumanne ile mkanyamaza, nijibuni pia: je, nani alistahili kupiga magoti kwanza kuomba radhi mbele ya kiti kile?