Kengele ya Katibu Kosmas

"Mwenye kengele hana miguu."

Bibi Gaudensia alitamka methali hiyo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage. Mjukuu wake Stanslaus, aliyekuja likizo kutoka ofisi ya bima mjini, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi akimwita mdogo wake Editha amletee maji, na jikoni ni pale pale nyuma ya mlango. Wajukuu wengine wakacheka. Stanslaus akauliza methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hakuisikia.

"Shuleni mlifundishwa za haraka haraka na haba na haba," Bibi alisema. "Hii ni ya hapa kwetu. Ilizaliwa kwenye mteremko ule mnaouona dirishani. Kaeni niwaeleze ilivyozaliwa."

Kosmas Kapinga alikuwa mwana pekee wa Mama Apolonia wa Lipembe, kijiji cha juu kabisa mlimani. Ujanani alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kahawa kule bondeni. Kazi ya mizani haina kiti. Alishinda akizunguka kati ya magunia, akiinua hili na kusukuma lile, na kila Jumamosi alipanda mlima kumsalimia mama yake huku akipiga mluzi. Kwa kuwa alikuwa na akili na hakuwa mdokozi, wakampandisha cheo, akawa katibu.

Ofisi ya katibu ilikuwa na meza pana, kiti cha kuzunguka na kengele ya shaba ya kumwitia tarishi, aliyeitwa Teofili. Mwanzoni Kosmas aliona haya kuigusa. Lakini wakubwa wenzake walimwonya: mkubwa haonekani akirandaranda kwenye korido na majalada kwapani, watu watasema bado ni karani. Basi akaizoea. Akapiga aletewe jalada kutoka masijala, chumba cha pili tu kutoka chake. Akapiga afungiwe dirisha lililokuwa nyuma ya kisogo chake. Chai ilimfuata, chakula kilimfuata. Aliingia asubuhi akakaa, na jioni aliinuka kwa kujishika kiuno. Miaka ikaenda hivyo. Kitambi kikaja, miguu ikaanza kuvimba ndani ya viatu, na mlima wa kila Jumamosi ukawa wa Krismasi na Pasaka.

Siku moja Mama Apolonia alishuka na mkungu wa ndizi kichwani kumletea mwanawe. Wakiwa wanazungumza, kalamu ya Kosmas ikadondoka karibu na kiatu chake mwenyewe. Kosmas akapiga kengele. Teofili akaja kutoka mwisho wa korido, akainama, akaiokota, akaiweka mezani, akaenda zake. Mama Apolonia akaitazama kengele, akamtazama mwanawe, akanyamaza. Mama akinyamaza namna ile, mjue neno limewekwa akiba.

Masika yaliyofuata mama akashikwa na tumbo. Kosmas alipata habari asubuhi akiwa ofisini, akakimbilia gari la chama. Gari lilimfikisha darajani tu, kwa maana mvua ilikuwa imeila barabara, na kuanzia hapo ni miguu. Alipanda akipumzika kila kona. Alipofika uani adhuhuri ilikuwa imepita, na majirani walikuwa wameshafunga machela ya miti miwili na blanketi, wakimngojea yeye. Mama alikuwa amelala juu yake, midomo imempauka, mikono imebana tumbo.

Sasa, kwa desturi ya Lipembe, mzazi akibebwa kwenda hospitali, mwanawe hushika mti wa mbele kulia, kutoka mlangoni hadi kijitoni, bila kupokewa. Kijito kikishavukwa ndipo wanaume hupokezana. Wakati wa kumrudisha ni vivyo hivyo: kutoka kijitoni hadi mlangoni ni kazi ya mwana. Haulizwi wala haombwi. Nafasi yake huachwa wazi, naye huijaza.

Kosmas akaingiza bega. Migomba waliipita salama. Mteremko ulipoanza, magoti yakaanza kumtetemeka.

"Nani yuko mbele?" mama aliuliza, macho ameyafumba.

"Ni mimi, mama."

"Polepole basi, baba."

Kijito alikiona kwa macho tu. Goti lilikunjika, akaenda chini, machela ikainama, na mama akateleza kuelekea ukingoni huku akipiga yowe. Jirani yao Damiani, aliyekuwa akitembea kando, alimdaka.

"Kaka, nipishe," Damiani alisema. "Mama anaumia."

"Nivute pumzi kidogo tu, nitabeba. Ni mama yangu!"

"Ni mama yetu sote. Nipishe."

Kosmas aliung'ang'ania mti. Ndipo mama akafumbua macho.

"Mwachie mwenzako, Kosmas," alisema. "Mwenye kengele hana miguu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Kosmas akauachia mti.

Wanaume wakaondoka naye mbio. Kosmas alifuata nyuma, akaachwa, hata sauti zao hakuzisikia tena. Alipofika darajani gari lilikuwa limeshaondoka, na lilifanya vyema. Alipofika hospitali, mama alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Akakaa kwenye benchi, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kama mama asingetoka mle akiwa hai, maneno yale ndiyo yangekuwa ya mwisho kati yao, na mabega ya mwisho kumbeba yangekuwa ya watu wengine.

Mungu akasaidia, mama akatoka. Kidonda kilichelewa kufunga, wakamweka wodini hadi mvua zikaisha.

Kosmas akarudi ofisini. Kalamu ilipodondoka aliinama mwenyewe, akausikia mgongo ukilalamika. Jalada akalifuata masijala. Akiwa na neno na mpigachapa, alikwenda kusimama mezani kwake badala ya kumwita. Barua ndefu alizisoma akiwa wima dirishani. Akishakula mchana, alitembea hadi kwenye mizani, akasaidia kuinua gunia, akarudi. Wafanyakazi waliingiwa na hofu, wakadhani anawapeleleza, na mhasibu akaacha kabisa kusinzia. Wakubwa wenzake walimcheka kwamba amerudi ukarani. Lakini tabia ni kama ngozi: akizama kwenye kazi alijisahau, akajikuta ameganda kitini kama zamani. Ndipo akamwita Teofili, safari hii kwa mdomo, akamkabidhi ile kengele na maagizo yake.

Siku ya kumrudisha mama ikafika. Alikuwa amepona, lakini mlima hakuuweza. Majirani walikuja darajani na machela, wakapokezana hadi kijitoni. Pale walisimama. Damiani alikuwa ameshika mbele kulia, na safari hii hakusogea. Hakuna aliyeiacha nafasi wazi.

"Damiani, kaka," Kosmas alisema, "hapo ni pangu."

Damiani aligeuza kichwa. Alimtazama mama.

"Mpe," mama alisema. "Akiniangusha, nitakuwa nimeangushwa na mwanangu."

Kosmas akaingiza bega, wakaanza kupanda. Jasho lilimtoka na pumzi ilimpaa, lakini magoti yalishika. Alipita pale alipoangukia bila kupatazama. Walipita migomba. Walipomtua mama mlangoni, Kosmas alilia mbele za watu, wala hakujificha.

"Na kengele yako iko wapi?" mama aliuliza.

"Nimempa Teofili, mama."

"Tarishi anaitakia nini?"

"Akiona nimekaa mno, ananipigia. Nami nainuka."

Mama Apolonia alicheka hadi akakishika kidonda chake.

Bibi Gaudensia alipepeta maharage, akapuliza makapi. Mlangoni akatokeza Editha.

"Kaka Stani, uliniita?"

Stanslaus alikuwa ameshasimama. "Basi, mdogo wangu. Maji nayafuata mwenyewe."

"Ukirudi niletee na mimi," Bibi alisema. "Mimi nimeshaupanda mlima wangu, nina ruhusa. Lakini wewe, mjukuu wangu, mwenye kengele hana miguu."