Madema ya Mwatumu

Maji husahau, tope halisahau. Mmeniuliza msemo huu umetoka wapi, basi ulianza hivi.

Huko Kichangani waliishi ndugu wawili, Mwatumu na mdogo wake Mkasi, watega kaa kwa madema, mitego ya kusuka. Mama yao aliwagawia mkono wa bahari: Mwatumu akapewa mlangoni, mawimbi yanapopiga, Mkasi akapewa ndani, penye mikoko minene na kaa tele. Siku hizo hapakuwa na wivu, maana aliyebahatika alikuwa Mkasi.

Kisha meli ikapasuka mwambani, mafuta yakaingia hadi mikokoni. Membe, ndege wa pwani, wakafa weusi kama masizi. Vibarua wakazoa kwa koleo mwezi mzima, maji yakatakata, wakaenda zao.

Mwaka wa tatu madema ya Mwatumu yakaanza kujaa tena. Ya Mkasi yalitoa kaa mmoja, wawili, wamelegea, hata kidole hawawezi kukibana. Na maji yake yalikuwa safi, mizizi unaiona. Mkasi akawa mtu wa kupima kwa jicho kila kaa wa dada yake. Akiletewa wa kitoweo, hupokea akashukuru, kisha huwatupia kuku. Mwaka wa saba Mwatumu akaezeka bati. Hapo Mkasi alishindwa kuvumilia. Asubuhi moja, maji yalipokupwa, alichukua panga akayakatakata madema ya dada yake yote sita.

Mwatumu alimkuta papo hapo, panga mkononi.

"Umenifungia riziki, dada," Mkasi alisema. "Bahari ni moja. Mbona inakupa wewe tu?"

Mwatumu aliyatazama madema yake. Kisha akamshika mdogo wake mkono, wakaenda hadi ndani mikokoni.

"Chimba."

Mkasi alichimba kwa panga lile lile. Alipofika kina cha kiwiko, shimo likajaa maji yenye utando wa rangi rangi, na harufu kama ya jiko la mafuta ikawapanda puani.

"Humu ndimo kaa wanamolala," alisema Mwatumu. "Kwangu mawimbi yameosha. Huku nani aoshe?"

"Ulijua?"

"Nilichimba mwaka jana. Niliogopa nikikwambia utadhani nakucheka."

Mkasi aliomba radhi, akasamehewa pale pale. Wakasuka madema mapya, na tangu siku hiyo walitega pamoja mlangoni, wakala chungu kimoja. Lakini Mwatumu, ambaye miaka yote aliyaacha madema yake ufukweni, sasa kila jioni aliyabeba hadi nyumbani, akayasukuma chini ya kitanda. Mkasi aliyaona.

Siku moja jirani akamuuliza Mkasi, "Yale mambo ya panga, dada yako amekwisha kuyasahau?"

"Tunacheka, tunakula pamoja," alisema Mkasi. "Lakini maji husahau, tope halisahau."