Pimbi Wawili Wazee Waliomwachia Chui Nyumba

Naja na ngano.
— Ije, tumekaa.
Imetembea, ina vumbi miguuni.
— Iingie, tutaikung'uta.
Basi tegeni masikio.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kupika, palikuwa na jabali kubwa katikati ya mbuga, na juu ya jabali hilo wakikaa pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene kiasi, hana mkia, na akiota jua unaweza kudhani ni jiwe lililoota manyoya. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja jina lake Bi Mashavu, na mumewe akiitwa Mzee Kheri.

Mzee Kheri alikuwa mlinzi wa jabali. Kila siku alipanda kileleni, akatazama huku, akatazama kule. Akimwona tai, hupiga mluzi, fiii, na pimbi wote huingia mapangoni, papatu papatu papatu. Alitazama mbali maisha yake yote, lakini mwenyewe hakufika mbali hata siku moja. Chini ya jabali kilipita kijito. Kikipita, kikipinda, kikapotea kwenye nyasi. Mzee Kheri akirudi nyumbani humwuliza mkewe, "Mama watoto, hivi yale maji huishia wapi?"

Bi Mashavu humjibu, "Tukimaliza kulea, tutakwenda tukaone."

Wakalea. Watoto saba. Wakaozesha. Wajukuu wakaja, hao nao wakalelewa. Na maji yakaendelea kupita.

Asubuhi moja Mzee Kheri akashuka kileleni mapema, akaketi mlangoni. Bi Mashavu alikuwa anachambua mboga.

"Nimempigia mluzi tai," mzee akasema, "kumbe lilikuwa wingu."

"Mawingu mengine hufanana na tai."

"Na jana tai mwenyewe kapita, mimi nikadhani wingu."

Bi Mashavu akaweka mboga chini. Akamshika mumewe uso, akauelekeza kwenye jua, akaona mboni zimeingia ukungu, mweupe kama maji ya mchele. Akamaliza mboga, akapika, wakala, akaosha vyombo. Kisha akatandua mkeka, akauviringisha, akatia ndani sufuria ndogo, kibuyu cha maji na chumvi kidogo, akafunga kamba.

"Wenda wapi?" Mzee Kheri akauliza.

"Tunakwenda. Wewe na mimi. Tukaone yale maji yanakoishia, kabla macho yako hayajakataa."

Binti yao mkubwa, Sauda, aliposikia, akaja anahema. "Mama, watu wa umri wenu hukaa wakaletewa uji. Mkiondoka, watu watasema tumewafukuza."

"Waambie tumetoroka."

"Na wajukuu?"

"Wana mama zao. Nami niliwalea hao mama zao, nikamaliza."

Sauda akakaa chini, akashika kichwa. "Na Chui je?"

Hapo Bi Mashavu akakaza tena kamba ya mkeka, maana Chui hakuwa jambo la mzaha. Jabali lilikuwa limezungukwa na miiba na magenge, na njia ya kushukia ilikuwa moja tu, pengo jembamba kati ya mawe mawili. Kwenye pengo hilo alilala Chui. Pimbi watano wakishuka kutafuta majani, walirudi wanne. Wakishuka wanne, walirudi watatu. Chui akiulizwa, husema ni ada ya njia. Alikuwa na shibe ya siku zote na bado hakushiba. Sauda mwenyewe alikwishapoteza mtoto mmoja hapo.

"Chui nitazungumza naye," Bi Mashavu akasema. Akajitwika mkeka, akampa mumewe ncha ya kanga yake aishike, wakashuka.

Chui alikuwa amelala, mkia unapiga mchanga, pwa, pwa. Akafumbua jicho moja. "Bi Mashavu. Na mzee. Leo mmejileta wenyewe."

Bi Mashavu akaitoa sauti kavu. "Mwanangu, huamkii wakubwa siku hizi?"

Chui akafumbua jicho la pili. Hakuna aliyewahi kumwita mwanangu. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Sasa sikiliza, maana nina haraka. Tunakwenda kuwachukua ndugu zetu. Kwao kumekauka, wanataka kuhamia huku. Wako arobaini."

Mkia ukaacha kupiga mchanga. "Arobaini?"

"Arobaini."

"Wanene?"

"Wanene hata shingo hazionekani."

Chui akameza mate, glup. "Basi nendeni upesi."

Bi Mashavu hakwenda. Akatua mzigo, akaketi juu yake kama mtu aliyekwama. "Shida ni kwamba ni waoga. Ndege huwapelekea habari. Wakisikia pimbi mmoja tu ameliwa kwenye pengo hili, hawaji. Na shida ya pili, ni watu wa usafi. Wakikuta nyumba imefungwa, ina utando wa buibui, watasema hapa si pa kuishi, watarudi. Ningempata mtu mzito, mwenye heshima, anikalie nyumba, afagie kila asubuhi, amwagilie mboga, anike matandiko... Lakini nitampata wapi."

Chui akasimama. "Mimi je?"

"Wewe? Mtu mkubwa hivyo, ushike ufagio?"

"Nitashika."

"Na pengo?"

"Pengo litakuwa wazi. Wapite wanaopita. Arobaini, Bi Mashavu, usisahau hata mmoja."

Basi hivyo ndivyo wazee wale wawili walivyopita kwenye pengo, mchana kweupe, na Chui akawainamia. Walipofika mbali, Mzee Kheri akauliza, "Ndugu arobaini tunao?"

"Hatuna hata mmoja," Bi Mashavu akasema. "Kaza mwendo."

Wakafuata kijito. Msidhani ilikuwa raha tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza miguu iliwavimba. Siku ya tatu mvua iliwanyeshea wakiwa hawana pango, mkeka ukalowa, chumvi ikayeyuka. Mzee Kheri akatetemeka, akasema, "Nirudishe nyumbani, mama." Bi Mashavu akamkumbatia, naye alikuwa analia, ila kwa mvua ile machozi hayakuonekana. Akamwambia, "Jua likitoka, ukiwa bado unataka kurudi, tutarudi." Jua likatoka. Ng'ambo ya kijito kundi la twiga lilikuwa likinywa maji, miguu imetanuliwa, shingo zimeinama. Mzee Kheri alikuwa amewaona twiga miaka yote kutoka kileleni, wakiwa wadogo kama siafu. Akawatazama mpaka wakamaliza. Halafu akajitwika mkeka mwenyewe.

Basi wakawa watu wa njiani. Leo wakilala chini ya gogo, kesho wakalala kwenye kichuguu kilichohamwa. Bi Mashavu akajifunza majani asiyoyajua, lipi tamu, lipi la kuhara. Mzee Kheri, aliyekuwa hasemi, akawa msemaji. Kila waliyemkuta alimwuliza kwao ni wapi. Jioni Bi Mashavu alimkanda nyayo kwa mafuta ya mbarika, naye akimkanda zake. Nyumbani hawakuwahi kukandana nyayo. Walikuwa na kazi nyingi mno.

Huko jabalini Chui anafagia, fyagu fyagu. Anamwagilia mboga, anaanika matandiko. Akaingia ndani alale. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, kiuno kikagoma. Mvua ikinyesha analowa nusu. Anakula panzi na vyura, anahesabu siku. Pimbi wanashuka watano, wanarudi watano. Wengine wameanza kumsabahi.

Mwezi ukapita, Chui akachoka, akaanza kumtazama Sauda vibaya. Siku hiyo hiyo Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, akatua juu ya paa, ko, ko, ko. "Bi Mashavu anasalimu. Tumechelewa kwa sababu wameongezeka. Sasa ni hamsini na watano."

"Hamsini na watano?"

"Hamsini na watano."

"Wanene?"

"Kasema hata shingo hazionekani."

"Basi nitangoja," akasema Chui. Fyagu fyagu fyagu.

Mwezi wa pili ukapita. Chui akachoka. Hondohondo akatua, ko, ko, ko. "Bi Mashavu anasalimu. Sasa ni sabini na wawili."

"Sabini na wawili?"

"Sabini na wawili."

"Wanene?"

"Hata shingo hazionekani."

"Basi nitangoja."

Mwezi wa tatu Hondohondo hakuja. Alikuwa ametaga. Chui akangoja siku moja, akangoja ya pili, ya tatu akatupa ufagio, akashuka jabali, akafuata kijito.

Wazee walikuwa wameketi mahali pa wazi, ukingoni mwa mto, maana kijito kilikwishakuwa mto. Hapana jiwe, hapana shimo. Bi Mashavu anachemsha majani. Ghafla Mzee Kheri akainua pua. Macho yake wakati huo yalikuwa yanaona rangi tu na vivuli, lakini pua ya mlinzi haikuzeeka. Akapiga mluzi, fiii. Bi Mashavu akageuka, akamwona Chui anakuja juani, mbavu nje, manyoya yamejaa vumbi la ufagio.

Pa kukimbilia hapakuwapo. Akainua mwiko, akamwahi kabla hajafungua kinywa. "Nyumba umemwachia nani?"

Chui akasimama ghafla. "Shikamoo, Bibi."

"Sijaitikia. Nauliza, nyumba umemwachia nani?"

"Nimemwachia... nimeifunga tu. Nimengoja, Bibi. Ndugu wako wapi?"

Bi Mashavu akaweka mikono kichwani. "Wametangulia. Wamepita njia ya milimani, sabini na wawili, mimi na mzee tukashindwa na mwendo wao. Sasa hivi tunavyosema wako mlangoni wanabisha hodi. Nani anawaitikia?"

Chui akatazama alikotoka. Akamtazama Bi Mashavu. Njaa ikamrudia. "Nitawala nyinyi kwanza," akasema polepole, "halafu niwawahi wao."

"Haya, tule sisi," akasema Bi Mashavu. "Ngozi na mifupa. Ila wale wanatujua sisi tu. Ukifika peke yako, wakauliza wenyewe wako wapi, mdomo unanuka pimbi, utawajibu nini?"

Chui akawaza. Kuwaza hakukuwa kazi yake, kukamchosha. "Na nikifika nisiwakute?"

"Basi ujue walifika, wakakukosa, wakaondoka wameudhika. Hapo itanibidi nianze upya kuwabembeleza mmoja mmoja, nawe uanze upya kungoja. Na ufagio usiuweke chini tena."

Chui hakungoja zaidi. Vuuu, vumbi likapanda, mkia ukapotea.

Bi Mashavu akaketi, mwiko ukamtoka mkononi. Mzee Kheri akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika. Ulikuwa wa baridi. Wakakaa hivyo mpaka majani yakakaukia sufuriani.

"Amekonda," Mzee Kheri akasema mwishoni. "Nimesikia hatua zake. Nyepesi."

"Nimemwona."

"Unamwonea huruma?"

Bi Mashavu akafikiri juu ya mtoto wa Sauda. "Kidogo tu," akasema. "Kidogo sana." Lakini Hondohondo alipopita juma lililofuata, alimtuma kwa Sauda amwambie amtilie Chui bakuli la uji, mlangoni, kila asubuhi, na asimkaribie. Nasikia Chui aliunywa. Nasikia alizoea, akawa anauliza kama umetiwa ndimu.

Wakaenda, wakaenda, hata siku moja mto ukaacha kupinda. Ukatanuka, ukatulia, ukawa ziwa. Na ziwa lote lilikuwa limefunikwa na heroe, wale ndege wa miguu mirefu, maelfu, wamesimama majini. Bi Mashavu akamsogeza mumewe mpaka maji yakamgusa vidole.

"Unaona?"

Mzee Kheri akatazama muda mrefu. "Naona rangi. Waridi. Kila mahali waridi. Sikujua maji huishia kwenye rangi."

Wakakaa pale siku nyingi. Kisha asubuhi moja Mzee Kheri akaamka, akageuza uso huku na huku, akasema kwa utulivu kwamba leo rangi hazipo. Bi Mashavu akampangusa uso kwa maji ya ziwa. Akalia kwa siri. Mumewe akamsikia, akamwacha alie. Halafu akasema, "Mama, mbona hufungi mkeka?"

"Nilidhani sasa utataka tukae."

"Miguu yangu inaona."

Wakaondoka. Mbele yao ulikuwa uwanda mkavu, vumbi na vichaka, hakuna kitu mpaka upeo wa macho.

"Niambie, kuna nini mbele?" akauliza Mzee Kheri, ameshika ncha ya kanga.

Bi Mashavu akatazama lile vumbi. "Kuna mlima," akasema. "Wa kijani. Una maua ya njano."

"Ni mkali? Magoti yangu unayajua."

"Hata kidogo. Wote ni mteremko."

Mzee Kheri akacheka mpaka akasimama. Miaka yote aliyokaa kileleni, milima aliijua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Mlima wa mteremko mtupu," akasema. "Huo sijapata kuusikia."

"Ndiyo maana tumekuja," akasema Bi Mashavu, akambadilishia bega la mzigo, wakaanza kuuteremka.

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya. Wazee wakae nyumbani wanywe uji, wasizurure. Uongo ni mbaya, humfikisha mtu mbali. Na anayetaka kusafiri akaombe ruhusa kwanza kwa aliyelala njiani.

Ngano imefika, nimeitua kwenu.
— Tumeipokea.
Anayetaka kuibeba, ni nyepesi.
— Na asiyetaka?
Aipishe njia, ipite.