Chumba cha Mbele

Nyumba yangu fito mbovu, kuta zapitisha mvua,
Sina mali sina nguvu, ila watu nawajua.

Ndivyo alivyojiimbia Pazi akifunga fito za nyumba ya mama yake, nyumba iliyoinama kama mlevi anayeaga. Masika yalikaribia, na kuta zilihitaji kukandikwa udongo na ukoo mzima. Lakini ukoo ulimtii ami yake, Shamte, tajiri aliyesifika kwa ubahili.

"Hawaji," alisema Shamte, "mpaka chumba cha mbele kiwe changu."

"Chumba kimoja tu, ami?" Pazi alishangaa. "Jina langu mimi halimwiti hata kuku penye mtama. Watangazie kuwa nyumba yote ni yako!"

Shamte akatangaza. Watu wakafurika, wakakandika, na ilipofika adhuhuri kuta zote zilikuwa tayari. Wakaketi, wakamtazama Shamte.

"Mbona mwanitazama?"

"Wakandikaji hulishwa na mwenye nyumba," akajibu shangazi mmoja. "Ng'ombe wako yuko wapi?"

"Ng'ombe?" Shamte akaruka. "Wallahi, nyumba hii si yangu, hata ufito mmoja! Ni ya mama yake huyu!"

"Jamani, mmemsikia mkubwa wetu," Pazi akasema kwa unyonge. "Mimi mjinga husahau. Ninyi msisahau."

Kisha akapiga mbinja. Mama yake akatokea kwa jirani na masufuria ya wali wa nazi, yaliyokuwa mekoni tangu alfajiri.

Shamte akaondoka bila kuaga. Jamaa wote waliketi, wakala. Aliyebaki amesimama ni Pazi, mlangoni, kwa kuwa mikeka ilijaa watu, yeye akakosa nafasi.