Jina, Mikono na Mgongo

Hapo zamani, na msiende mbali kutafuta zamani ya sungura kuvaa kanzu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mji wa mkonge chini ya milima, na katika mji huo palikuwa na kiwanda cha magunia. Kiwanda kilikuwa na mashine za kufuma zilizotetemesha mabati ya paa. Kilikuwa na king'ora, kilikuwa na nyapara, na kilikuwa na sheria. Sheria yenyewe ilisema hivi: mwanamke akionekana tumbo, nafasi yake apewe mwingine. Mwanamume akivunjika mguu kwenye mpira wa Jumapili alingojewa apone, na uji akapelekewa. Mwanamke akiongeza watu duniani, watu haohao watakaokuja kununua magunia, alionyeshwa geti. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na aliyeitunga alizaliwa na mwanamke.

Alikuwepo mfumaji mmoja, jina lake Siwema. Siku alipoona kanga haimfungi tena vizuri kiunoni, hakulia. Alikwenda kwa wifi yake Mwanaidi, dada wa mumewe, akamwambia, "Wifi, kuanzia kesho wewe ni mimi."

Mwanaidi hakushangaa. Wanawake wa kiwanda kile walikuwa na mtindo wao, wakiuita kupokezana jina. Asubuhi nyapara alisimama mlangoni akaita majina, sauti ikajibu "nipo", naye akahesabu vilemba vyeupe vya wafumaji vinavyoingia. Vilemba vikitimia, siku imeanza. Nyuso hakuhesabu.

Basi Mwanaidi akaingia kwa jina la Siwema. Siwema akajifungua, akarudi. Mwanaidi naye akashika mimba, akatoka. Huyu anafuma, yule ananyonyesha. Yule anafuma, huyu ananyonyesha. Na jina moja tu linaitikia mlangoni.

Na watoto je? Watoto walikuwa kwa jirani yao Nakijwa, mwanamke wa Kipare, hana mume, hana mtoto, hana haraka. Huyu yuko mgongoni, yule kashikwa mkono, mwingine anatambaa kuelekea kwenye jiko. King'ora cha mapumziko kikilia, Nakijwa alikuwa ameshafika nyuma ya kiwanda, penye tundu la ukuta, anampitisha mtoto anyonye upande wa pili. Kiwanda kizima kililijua tundu lile. Hata fundi alipotumwa kuliziba, aliziba lililokuwa pembeni yake, akakusanya mwiko wake akaenda zake.

Mshahara ulipotoka, Siwema aliupeleka jikoni kwa Nakijwa, ukagawanywa mafungu matatu: la jina, la mikono, la mgongo. Hakuna aliyenung'unika. Ila makato ya uzeeni hayakugawanywa, kwa sababu yalikatwa kabla hayajaonekana, na kisichoonekana hakigombewi.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, mashine zikauzwa chuma chakavu, watoto wakakua wakaoa na kuolewa. Siwema akawa mjane, akahamia kwa mwanawe. Mke wa mwanawe alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililomchoma Siwema. Mtu mbaya unagombana naye. Mtu mzuri unamwomba chumvi. Leo chumvi, kesho sabuni, keshokutwa vocha ya simu. Kila alichoomba alipewa kwa mikono miwili, na kila alichopewa kilimpunguza kimo. Usiku aliota ndoto moja: yuko dukani, ananunua chumvi kwa pesa yake mwenyewe, na chenji anaiacha.

Ndipo redio ilipotangaza kwamba waliowahi kufanya kazi viwandani waende kwenye mfuko wa wastaafu kuulizia akaunti zao za zamani. Siwema akaenda. Akaunti ikapatikana, imelala salama kama paka juu ya gunia. Akaambiwa achague. Akitaka, atalipwa kila mwezi mpaka siku ya kufa kwake, na siku hiyo malipo yatakoma. Akitaka, atapewa mkupuo, pesa yote kwa mara moja, umepungua kidogo, na mambo yawe yamekwisha. Arudi akishaamua.

Siwema alitoka pale ameshachagua moyoni malipo ya kila mwezi. Angekwenda moja kwa moja nyumbani akanyamaza, hadithi ingeishia hapa nasi tungekwenda kulala. Lakini pesa ya jina lile ilizoea kupitia jikoni kwa Nakijwa, na miguu ina mazoea yake. Akajikuta amekaa kwenye kigoda kilekile, Mwanaidi ameitwa, maandazi yanakaangwa, na habari yote imeshamtoka.

Mwanaidi akataka mkupuo. Alisema hivyo kwa sauti iliyowakimbiza kuku wa jirani, maana mashine za kiwanda zilikuwa zimemla masikio, na tangu hapo alidhani dunia nzima ni kiziwi. Alitaka kifaa cha kusikilizia. Alikuwa na mjukuu aliyeanza kusema, na kila mtu aliyemsikia alicheka, naye Mwanaidi alicheka pamoja nao bila kujua kinachochekesha. "Wifi," akasema, "mimba zako zilikuwa nyingi kuliko zangu. Nimefuma kwa jina lako kuliko ulivyofuma wewe. Masikio yangu yamebaki mle ndani. Nirudishie walau moja."

Siwema akamjibu kwa ishara za mikono, zile walizotumia wafumaji mashine zikiunguruma. Akamkumbusha siku ile Mwanaidi alipovunja mashine: nani alisimamishwa kazi, nani alitukanwa, nani aliitwa ofisini kama mwizi? Jina la Siwema. Na wangegunduliwa, mahakamani angepelekwa nani? Mikono ingekimbia, jina lingebaki. Kisha akaahidi kwamba hicho cha kila mwezi atakigawa mafungu matatu kama zamani.

"Na ukifa?" Mwanaidi akauliza.

"Basi nitunzeni nisife."

"Tutakulisha uji kwa kijiko," Mwanaidi akasema, "na barabara hutavuka peke yako," wakacheka mpaka andazi likaungua.

Nakijwa aliliopoa andazi lile, akaliweka pembeni, akasema, "Mimi sitaki pesa."

Wakamtazama.

"Sikilizeni vizuri. Haki ninayo. Makato yalikatwa kwenye mshahara kabla ya kugawa mafungu, kwa hiyo yalikatwa kwenye fungu langu pia. Hapo nani ana jibu?" "Lakini nimezeeka, maandazi yananitosha. Ninachotaka ni kimoja. Siwema, ukifika kwenye dirisha la mfuko, nitaje. Sema palikuwa na mtu wa tatu. Watoto wale wote wamesoma, wamepata kazi, na kila mmoja akiulizwa kalelewa na nani anataja mama yake. Sijawahi kutajwa mahali popote palipoandikwa."

Siwema na Mwanaidi wakatazamana. Maana kumtaja Nakijwa ni kutaja kupokezana jina, na kutaja kupokezana jina ni kuiweka akaunti yote rehani. Aliyetaka kitu kidogo kuliko wote alitaka kitu cha hatari kuliko vyote.

Kesho yake wakaenda kwenye mfuko wote watatu, wamevaa kanga za sare. Nakijwa na Mwanaidi wakakaa kwenye benchi. Siwema akaenda dirishani. Karani alikuwa binti mdogo, akamwamkia, akafungua kompyuta, akamsogezea kidau cha wino na karatasi yenye visanduku viwili: kila mwezi, mkupuo.

Ndipo Mwanaidi alipomnong'oneza Nakijwa. Mnong'ono wa Mwanaidi, jamani, ni mbiu. "Asije akasema tulipokezana jina," alinong'ona, na ofisi nzima ikageuka, mpaka mlinzi nje akachungulia.

Siwema, kidole ameshakichovya, alihisi wino ukimpoa. Karani akainama dirishani.

"Mama," akasema polepole, "mimi nimesikia mtu akikohoa. Lakini nina swali moja ambalo lazima nimuulize kila mtu, na jibu lako ndilo nitakaloandika. Ukisema ulikuwa peke yako, unaweka dole, unalipwa. Ukisema mlikuwa wengi, faili linakwenda kwa wakubwa, na wakubwa hawana haraka. Wanaweza kusema mlipwe wote. Wanaweza kusema asilipwe mtu. Haya: kazi hii uliifanya mwenyewe?"

Siwema akageuka kuliangalia benchi. Mwanaidi aliinua vidole viwili akavitenganisha, ishara ya kiwandani: kata uzi, chukua mkupuo, tuondoke. Nakijwa hakuijua ishara hata moja, maana hakuwahi kuvuka ukuta ule. Maisha yake yote ya kiwanda yalikuwa kwenye tundu. Yeye alisimama tu. Akaivua kanga ya mabegani, akaizungusha, akaifunga mgongoni kwa fundo la mbele, kama mtu anayembeba mtoto. Mgongoni hapakuwa na mtoto. Akasimama hivyo katikati ya ofisi ya watu, akitabasamu, akingoja.

Siwema akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humohumo ndani ya kicheko. Akaiona chumvi ya kununua mwenyewe. Akamwona mjukuu wa Mwanaidi akisema neno. Akaiona kanga ile tupu. Akamgeukia karani, kidole cheusi kiko hewani, akafungua mdomo.

Nami namwacha hapohapo, kidole juu, kwa sababu sasa zamu ni yenu. Mwenye jina alibeba hatari na leo anaomba chumvi. Mwenye mikono alifuma zaidi na masikio yamekwenda. Mwenye mgongo alikatwa sawa na wenzake na anataka kutajwa tu. Aliyetunga sheria hayupo kwenye benchi. Yeye mafao yake alishakula zamani, wala hakuulizwa swali.

Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kukiongoza kidole cha Siwema? Na wewe unayejibu haraka hivyo, ulibebwa na mgongo wa nani?